Kupima Hatari, na Apaswaye Kuipima

Liko neno linalosemwa mara nyingi katika sharika zetu, nalo husemwa na watu wema, wala si wapuuzi. Mtu akiuliza kama mto umejaa, au kama mtumbwi ni mzima, au kama fedha za usharika zitarudi zikikopeshwa, huambiwa: "Mbona huna imani? Mungu yupo." Naye aliyeuliza hunyamaza kwa aibu, maana hakuna Mkristo apendaye kuhesabiwa miongoni mwa wasioamini. Nataka kuliangalia neno hili polepole pamoja nanyi, ndugu wasomaji, na hasa pamoja na walimu wa mitaani. Kwetu Mawengi, na katika nchi yote ya milima hii tangu Njombe hata ufukoni kwa Nyasa, halipiti juma ambalo mwalimu au mzee wa kanisa halazimiki kuamua jambo lenye hatari kwa ajili ya watu wengine. Swali ni hili: je, kuipima hatari ni upungufu wa imani? Na kama si upungufu, hupimwaje, na nani apime?

Chukueni kitabu cha Matendo ya Mitume, mkaisome sura ya 27 kama habari ya baraza, maana tumezoea kuisoma kama habari ya tufani tu. Merikebu ya Aleksandria iliyomchukua Paulo imefika Bandari Nzuri katika kisiwa cha Krete. Siku ya kufunga imekwisha kupita, ndiyo kusema wakati wa baridi u karibu, na kila baharia wa bahari ile alijua ya kuwa tangu hapo safari ni za mashaka. Paulo akawaonya ya kwamba wakiendelea watapata hasara kubwa, ya shehena na ya chombo, na hata ya roho zao. Wenye neno walikuwa watatu: nahodha, mwenye merikebu, na akida Yulio aliyewasimamia wafungwa. Akida akawaamini nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo.

Tusimcheke akida huyu. Kwa desturi ya dunia alifanya vema, maana aliwasikiliza mafundi. Nahodha aliijua bahari kwa kazi yake, na Paulo alikuwa mfungwa, fundi wa mahema. Kisha walio wengi wakashauri kuondoka, kwa kuwa bandari ile haikufaa kukaa wakati wa baridi. Kisha upepo wa kusini ukavuma taratibu, wakadhani wamekwisha kupata walilolitaka. Basi walikuwa na neno la mafundi, na shauri la wengi, na dalili njema ya upepo. Na pamoja na hayo yote walikosea, merikebu ikavunjika, wakaokoka kwa neema tu.

Walikosea wapi? Luka hatufafanulii, lakini ametuachia vidokezo. Merikebu ilikuwa na ngano, na mwenye kupakia ngano huipima hatari kwa mizani ambayo ngano yake imekwisha kuwekwa upande mmoja. Nahodha naye hula mkate wa mwenye merikebu. Waliokuwamo chomboni walikuwa watu 276, na juu ya wafungwa hatusomi kwamba waliulizwa neno; Paulo alisema bila kuulizwa. Naye hakuwa mgeni wa jambo lile. Kabla ya safari hiyo alikuwa amekwisha kuvunjikiwa na jahazi mara tatu, kama alivyowaandikia Wakorintho. Hakuwa fundi wa kamba wala wa usukani, lakini hatari ya bahari aliijua kwa ngozi yake.

Tena liko jambo ambalo sisi wahubiri hulipita upesi. Paulo alikuwa amekwisha kuahidiwa na Bwana usiku mle ngomeni, katika sura ya 23, ya kuwa lazima ashuhudie na Rumi pia. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema, "Mungu yupo, twekeni tanga," ni yeye. Hakusema hivyo. Mwenye ahadi ndiye aliyetazama majira na hali ya bahari, na wasio na ahadi ndio waliojipa moyo kwa upepo mwanana.

Kanisa letu la Kilutheri lina ushuhuda mwingine wa jambo hili, usiosomwa sana huku kwetu. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikahamia Jena, na mtawala akamwamuru Doktari Martin Luther aondoke, lakini yeye akabaki pamoja na Johannes Bugenhagen kuwahudumia wagonjwa, hali mkewe Katharina ni mjamzito. Wachungaji wa Breslau walikuwa wamemwuliza kama Mkristo aruhusiwa kuikimbia tauni. Jibu lake lilichapwa mwaka uo huo, nalo si jibu la upande mmoja. Mtu aliyefungwa na wajibu, yaani mchungaji, mtawala, mzazi, tabibu, na jirani asiye na wa kumwachia mgonjwa, huyo akae. Wengine, kama wahudumu wapo wa kutosha, wana ruhusa ya kwenda zao. Na asiyetaka dawa wala tahadhari, akasema kwamba Mungu akitaka atamlinda, huyo Luther hamsifu kwa imani. Asema amjaribu Mungu. Yeye mwenyewe afundisha watu wafukize nyumba, watumie dawa, waepuke mahali na watu wasiowahitaji, wasije wakawa sababu ya kifo cha mwingine. Mwenye kuujua ugonjwa wake akajichanganya na watu kwa siri, amweka karibu sana na mwuaji.

Kwa hiyo swali la kwanza naliona limejibiwa. Tangu shetani alipomwambia Bwana wetu ajitupe kutoka kinara cha hekalu, Kanisa limejua kwamba iko namna ya kumtumainia Mungu ambayo ni kumjaribu. Swali la pili ndilo gumu: hatari hupimwaje?

Wataalamu wa siku hizi wana elimu nzima ya jambo hili, nayo hutumika katika mabenki, na hospitali, na ujenzi wa madaraja, na majeshi. Shina lake ni maswali mawili: jambo hili baya laweza kutokea kwa urahisi gani, na likitokea litaumiza kiasi gani? Mvua kulowesha nguo hutokea kila siku na hakuna amwogopeshaye mwenzake kwa hilo. Daraja kukatika hutokea mara moja katika miaka mingi, nalo lataka kuangaliwa daima. Penye kumbukumbu za miaka mingi maswali haya hujibiwa kwa tarakimu. Lakini mahali pengi kumbukumbu hazipo, au zipo na hazisemi yote, na hapo wataalamu wenyewe hurudi kwenye njia ya zamani: kuuliza, kusikiliza, kutazama kwa makini, kulinganisha neno la huyu na la yule, na kuitaja hatari kwa daraja, kwamba ni ndogo, au ya kadiri, au kubwa. Wako wanaoidharau njia hii, wakaiita kubahatisha. Mimi nadhani wazee wetu wangeshangaa kusikia kwamba ni elimu mpya.

Mkulima wa Ubena au Upangwa mwenye shamba la mahindi mlimani hulima na vinyungu bondeni, penye unyevu wa kiangazi, wala hatii mbegu zote mahali pamoja. Hana chombo cha kupimia mvua. Ajua tu ya kuwa mwaka ambao mlima unakataa, bonde laweza kukubali. Ndugu zetu Wamatengo wa Mbinga hulima kwa ngoro, yaani vishimo vilivyozungukwa na matuta, ili mvua kubwa isiuchukue udongo wa mteremko; nayo ni kazi ya watu waliokwisha kuuona udongo ukienda. Muuguzi wa zahanati naye hupima joto kwa kipimo na kuhesabu mapigo ya moyo, lakini kabla ya hayo amekwisha kutazama weupe wa kope za mama mjamzito, na kumwuliza kama kichwa kinamwuma na kama macho yaona ukungu. Hata mhazini mwema, kabla hajakopesha, huuliza mkopaji ni mtu wa namna gani, na deni la jana alililipaje.

Sasa niwakumbushe jambo kubwa lililotokea katika nchi hii, maana hapo twaona wazi hesabu inavyoweza kuwa safi na kazi ikaharibika. Baada ya vita ya mwaka 1945 Waingereza walikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alitoa shauri la kulima karanga Tanganyika kwa mitambo. Serikali yao ikamtuma John Wakefield, aliyekuwa zamani mkuu wa kilimo katika Tanganyika, pamoja na wenzake wawili. Wakazunguka kwa majuma tisa, na sehemu kubwa ya nchi wakaitazama kutoka ndegeni. Taarifa yao ilikuwa nzuri kusoma: eka 3,210,000, zigawanywe mashamba 107 ya eka 30,000 kila moja, mengi katika Tanganyika, mengine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Gharama ilikadiriwa kuwa karibu pauni milioni 25. Katika mwaka wa kwanza, 1947, zilitakiwa zilimwe eka 150,000.

Kazi ikaanza Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Mwaka huo wa kwanza eka zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Matrekta yaliyonunuliwa katika mabaki ya vita yalivunjikia kwenye vichaka na mibuyu. Udongo wa Kongwa hulainika wakati wa mvua, lakini kiangazi hukauka ukawa mgumu kama saruji, karanga zikafungwa ndani yake zisichimbike, na mchanga wake ukazila zana za chuma. Mvua nazo hazikuja kwa kiasi kilichoandikwa. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba mpango umekoma, na hasara ilikuwa kama pauni milioni 36.

Watu wameandika mengi juu ya mambo hayo, na wengi wameandika kwa dhihaka. Mimi siwadhihaki, kwa kuwa haraka yao ilikuwa na sababu: kwao watu walikuwa wakigawiwa chakula kwa vipande vya karatasi. Tena hesabu zenyewe hazikuwa na hatia, zilijibu zilichoulizwa. Lakini fikirini jambo moja. Kwamba nchi ile ina mvua isiyoaminika, hakuna Mgogo asiyejua. Njaa zao wanazitaja kwa majina, na ile kubwa iliyofuata Vita Kuu ya kwanza, kati ya 1918 na 1920, waliiita Mtunya. Wazee walioikumbuka walikuwa hai Kongwa matrekta yalipofika. Wagogo walishika mifugo, na mtama, na uwele. Mtama ule ulikuwa neno. Ulikuwa taarifa ya hatari iliyoandikwa ardhini kwa vizazi vingi, na mtu aliyetaka kuisoma hakuhitaji ndege, alihitaji kushuka na kuuliza: "Baba, kwa nini hapa hamlimi karanga nyingi?" Tena aketi, maana jibu la swali kama hilo halipatikani kwa mtu aliyesimama na saa mkononi.

Nisieleweke vibaya, kana kwamba nasema wenyeji wajua yote na wageni hawajui kitu. Mwenyeji naye ana upofu wake, hasa kwa hatari aliyokwisha kuizoea. Na iko hali nyingine, ambamo hesabu ipo na ni ya kweli, na bado haiokoi mtu. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria. Kilikuwa na ruhusa ya kuchukua abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Hapo hakukosekana mtaalamu wa kupima chombo. Tarakimu ilikuwapo na ilijulikana. Kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu, nayo pia ilikuwa na ukomo wake wa abiria ulioandikwa.

Maswali ambayo tarakimu haiwezi kujibu ni ya namna nyingine. Siku ya Ukara ilikuwa siku ya gulio. Mama atokaye gulioni na mzigo wake na mtoto mgongoni, je, atakubali kubaki ng'ambo kwa sababu ya hesabu? Karani wa nauli, je, ana nguvu ya kumzuia jirani yake, au mjomba wake? Akimzuia, atalala wapi? Nani hupata faida mtu wa 102 akipanda, na nani hulipa? Mtu aliyekaa gatini siku mbili za gulio akiangalia angeweza kusema, bila hesabu yoyote, kwamba kwa chombo kile jambo lile li karibu. Sisi tulio juu ya Ziwa Nyasa tuna Lupingu na Manda, tuna mitumbwi na upepo wa mwera, na twajua watu wanaovuka kwenda kuzika au kuoa ambao hawangojei ziwa litulie. Basi tusiyasome ya Ukara kama habari za mbali.

Nimefika sasa penye jambo lililo letu kuliko yote, nami naliandika kwa heshima, kwa kuwa karibu kila nyumba ya mkoa huu imeguswa. Uchunguzi wa serikali wa miaka 2011 na 2012 ulionyesha kwamba katika Njombe, kati ya kila watu 100 wenye umri wa miaka 15 hata 49, karibu 15 walikuwa na virusi vya ukimwi, na kwa nchi nzima walikuwa 5. Uchunguzi wa miaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba Njombe wamekuwa kama 11, nao bado waliitangulia mikoa yote. Hesabu hizi ni za thamani. Bila hizo tungeendelea kuzika vijana na kusema ni homa, au ni uchawi. Lakini tarakimu 15 haimwambii mwalimu wa mtaa afanye nini Jumatatu asubuhi.

Ili kujua la kufanya, ilibidi watu waulizwe. Mtu akiketi Makambako, panapoachana barabara ya Songea na ile iendayo Tunduma, penye magari ya mizigo yalalayo na stesheni ya reli ya TAZARA, ataona kwamba hatari haikai katika dhambi ya mtu mmoja mmoja peke yake, kama tulivyozoea kuhubiri. Imo katika msichana aliyetoka kijijini akapata kazi ya kuuza chakula usiku. Imo katika mume aendaye mashamba ya chai au kupasua mbao miezi mingi. Imo katika mjane asiyeachiwa shamba. Imo pia katika ndoa halali ambayo mmoja aogopa kumwambia mwenziwe alichoambiwa zahanati. Mambo haya hayahesabiki kwa urahisi, lakini husemeka, kama msikilizaji ni mtu asiyehukumu kabla ya kusikia.

Katika habari hiyo hiyo uko mfano ambao napenda kuusimulia, maana ni wa kwetu. Kati ya miaka 2005 na 2007 uchunguzi wa matabibu uliofanywa Orange Farm katika Afrika ya Kusini, na Kisumu katika Kenya, na Rakai katika Uganda, ulionyesha kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa kadiri ya sehemu 60 katika 100. (Mtume Paulo alipowaandikia Wagalatia juu ya tohara alisema habari ya wokovu, wala si ya afya, walimu wasichanganye.) Makabila mengi ya huku kusini hayakuwa na desturi ya kutahiri. Hesabu basi ilisema: watu watahiriwe. Lakini waje lini, na watakuja? Waliouliza vijijini walisikia kwamba watu wa nchi ya baridi huamini kidonda hupona upesi wakati wa baridi, na ya kwamba mwezi wa Juni hata Agosti mavuno yamekwisha na kazi za shamba ni chache. Basi wakapanga kazi yao katika majira hayo. Mwaka 2010, katika mkoa wa Iringa, ambao wakati ule ulikuwa na Njombe ndani yake, kampeni ya majuma sita ilihudumia wavulana na wanaume zaidi ya 10,000. Ile sehemu 60 katika 100 ilitoka kwa matabibu wa mbali. Miezi ya Juni na Julai ilitoka midomoni mwa wenyeji. Moja bila nyingine lisingefika mahali.

Nimesema mengi juu ya namna ya kupima. Bado yule apaswaye kupima. Hapa ndipo jambo linapoacha kuwa la elimu likawa la dhamiri. Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 23, twasoma jinsi Daudi alivyotamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na mashujaa watatu wakapenya jeshi la Wafilisti wakamletea. Kwa hesabu, mambo yalikwenda vema: watatu walikwenda, watatu wakarudi, na maji yakapatikana. Daudi akakataa kuyanywa, akayamimina mbele za Bwana, maana aliyaona kuwa ni damu ya watu walioziponza nafsi zao. Hatari iliyokwisha kupita bila madhara yeye aliiona bado kuwa ni hatari, na ya kuwa iliwaangukia wengine kwa ajili ya kiu yake.

Kwa hiyo kwa mizani yoyote yanipasa niulize: atakayeumia ni nani, naye yumo barazani? Mwenye merikebu alipima, nani walikuwa karibu kufa maji? Watu wa Kongwa walipimiwa nchi yao na watu ambao mpango ukiharibika wangepanda meli kurudi kwao. Mfano wa Msamaria nao una watu waliopima, maana njia ya Yeriko ilikuwa na wanyang'anyi kweli kweli, na kuhani na Mlawi hawakuwa wapumbavu kuogopa. Lakini waliipima hatari yao wenyewe tu. Ile ya mtu aliyelala kando ya njia haikuingia katika mizani yao.

Najua mtu atasema: "Mchungaji, ukifundisha hivi, hakuna mwinjilisti atakayevuka mto tena." Neno hili lina uzito. Mwaka 1891, Alexander Merensky na wenzake wa Misheni ya Berlin walipofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kama wangengoja nchi isiyo na homa wangengoja hata leo. Na walimu wa kwanza wa Kiafrika walikwenda vijiji ambavyo havikuwataka, wakaishi kwa viazi vya kupewa. Lakini kuna tofauti ambayo Luther aliiona vema. Hatari ya nafsi yangu naweza kuitoa kwa ajili ya upendo, hata nikijua kipimo chake ni kikubwa; na aliyebaki na wagonjwa wa tauni alibaki akijua. Hatari ya mwenzangu si mali yangu niitoe sadaka. Mwalimu akiamua kuvuka mwenyewe ili kumpa mgonjwa Chakula cha Bwana, sina neno la kumzuia, ila nitamwombea. Akiwaamuru watoto 20 wavuke waje darasani, jambo ni jingine, ijapokuwa mto ni ule ule na maji ni yale yale.

Nimeutaja mto kwa sababu mvua za kwetu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hata Aprili, na ndio wakati ambao darasa la kipaimara huwa katikati. Katika sharika nyingi za milimani wanafunzi hutoka mitaa ya mbali, na kati yao na kanisa pana mto au viwili, vingine bila daraja ila gogo. Baraza la wazee hupanga siku za darasa kwa kuangalia kalenda ya Kanisa na nafasi ya mchungaji. Sijaona mara nyingi kwamba huangalia gogo.

Nashauri basi kwamba mwaka huu, kabla ya mvua, wazee wa kila mtaa waitembee njia wanayopita watoto, pamoja na mama zao, na katika kikao waanze kusema hao mama na watoto wenyewe. Mhazini, na mwalimu, na mchungaji waseme mwisho. Waulizwe maji hufika wapi siku ya tatu ya mvua, na nani amewahi kuteleza, na mtoto akikuta mto umejaa huogopa kupigwa akirudi nyumbani au akichelewa darasani, maana hapo ndipo wengi hujitosa. Kama gogo laweza kubadilishwa, sharika jirani zichange mbao na siku mbili za kazi. Kama haliwezi, darasa lihamie ng'ambo, mwalimu avuke yeye. Na kama hata hilo haliwezekani, kipaimara kisogezwe kutoka Pentekoste hata Julai. Walioko ng'ambo ya mto wanaijua siku ambayo maji hupungua, waulizwe tarehe.